John Enders, Mfuga Virusi

Wanafunzi wenzangu, walimu wetu, nanyi wazazi mnaosoma gazeti hili la shule: kila muhula kurasa hizi hutoa habari za maisha ya mtu mmoja mashuhuri. Tumekwisha soma juu ya wafalme, majemadari na wasafiri. Safari hii nimemchagua mtu ambaye hakushinda vita wala hakutawala nchi. Kazi yake kubwa ilikuwa kukaa mezani akitazama vichupa. Lakini kwa sababu ya vichupa hivyo watoto wengi sana duniani wanatembea leo kwa miguu yao miwili, na daktari alipata njia ya kuthibitisha kama malengelenge ya mgonjwa ni ya tetekuwanga au ni ya ugonjwa mwingine. Jina la mtu huyo ni John Franklin Enders, raia wa Marekani.

Alizaliwa tarehe 10 Februari 1897 katika mji wa West Hartford, jimbo la Connecticut. Baba yake alikuwa mwenye benki, na babu yake alikuwa mkubwa katika kampuni ya bima. Kwa hiyo mtoto huyu alikulia katika nyumba ya neema, na angeweza kuishi maisha yake yote bila kutoka jasho. Alisoma katika shule ya bweni iitwayo St. Paul's, mjini Concord, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Yale. Mwaka 1917 nchi yake ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza, aliacha masomo akajiunga na jeshi la majini. Huko alijifunza kurusha ndege, akawa mwalimu wa marubani huko Pensacola, Florida. Vita vilipokwisha alirudi Yale, akapata shahada yake mwaka 1920.

Sasa angalieni jinsi mtu huyu alivyotangatanga. Kwanza alijaribu biashara ya kuuza nyumba na viwanja, lakini moyo wake haukuipenda, akaiacha. Kisha akaingia Chuo Kikuu cha Harvard kusoma fasihi ya Kiingereza pamoja na lugha za Kijerumani na za Kikelti, akiwa na nia ya kuwa mwalimu. Mwaka 1922 akapata shahada ya pili katika masomo hayo, naye akaendelea nayo. Hakusomea udaktari wa kutibu watu, wala hakupata kuusomea maisha yake yote. Nalisema jambo hili kwa makusudi, maana hapa shuleni petu wako wenzetu wanaoamini kwamba mtu akikwisha kupangwa katika masomo ya lugha na historia, basi mlango wa sayansi umefungwa kwake na ufunguo umetupwa baharini.

Mlango wa Enders ulifunguliwa na rafiki. Katika nyumba aliyokaa alikuwamo pia kijana kutoka Australia, jina lake Hugh Ward, aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya elimu ya bakteria. Jioni Enders alizoea kumfuata maabara kumtazama akifanya kazi. Mkuu wa maabara hiyo alikuwa Hans Zinsser, bingwa wa ugonjwa wa homa ya chawa, naye alikuwa pia mtunzi wa mashairi. Enders alipowaona watu hawa wakisumbukia mambo ambayo hakuna aliyeyajua bado, alivutwa. Umri wake ulikuwa unakaribia miaka 30. Wenzake wa rika lake walikuwa wamekwisha shika kazi zao, lakini yeye alianza upya, akasoma pamoja na vijana waliomzidi kwa elimu ya sayansi. Mwaka 1930 akapata shahada ya udaktari wa falsafa, akabaki Harvard kufundisha na kuchunguza.

Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana bila kueleza virusi ni nini hatutaona ukubwa wa kazi ya Enders. Tumefundishwa darasani kuwa bakteria wengi waweza kulishwa mchuzi wa nyama au kuwekwa juu ya agari katika kisahani cha kioo, nao wakaongezeka. Virusi havikubali hayo. Kirusi peke yake hakili, hakikui wala hakizai. Ni lazima kiingie ndani ya seli iliyo hai, kiitumikishe seli hiyo kutengeneza virusi wengine. Kwa hiyo mtu aliyetaka kuchunguza virusi zamani alilazimika kuwa na mnyama hai, kama tumbili au panya, au yai la kuku lenye kifaranga ndani. Njia hizo zilikuwa za gharama na za polepole. Tena kwa tetekuwanga hazikufaa hata kidogo, kwa sababu virusi vyake ni vya binadamu, na wanyama wa maabara hawakuugua walipochomwa navyo. Basi daktari alimtazama mgonjwa kwa macho tu, akakisia.

Ilibaki njia moja, nayo ni kufuga seli za binadamu zenyewe ndani ya kioo, kisha kuvikaribisha virusi humo. Watu walikuwa wamejaribu kufuga seli tangu mwanzo wa karne ya 20, ila walipata shida mbili. Ya kwanza ni kwamba bakteria waliingia katika chupa wakaharibu kila kitu. Shida hiyo iliondoka zilipopatikana dawa za penisilini na streptomisini, ambazo huua bakteria bila kudhuru virusi. Ya pili ni kwamba wachunguzi walikuwa wakihamisha nyama kutoka chupa hadi chupa kila baada ya siku chache, na virusi vinavyokua polepole havikupata muda. Enders na wenzake waliamua kuiacha nyama mahali pake kwa majuma kadhaa, wakawa wanabadilisha maji ya chakula tu. Mfugaji mwenye akili habadilishi ng'ombe kila juma kwa kuwa hajapata maziwa. Hubadilisha malisho, akangoja.

Mwaka 1946 Enders aliombwa kuanzisha maabara ya magonjwa ya kuambukiza katika Hospitali ya Watoto ya Boston. Baada ya muda walimjia vijana wawili, wote madaktari waliotoka jeshini, na waliowahi kukaa chumba kimoja walipokuwa wanafunzi wa udaktari. Mmoja ni Thomas Weller, na wa pili ni Frederick Robbins. Weller alikuwa na hamu moja kubwa: kuvikamata virusi vya tetekuwanga.

Mwezi wa Machi 1948 Weller aliandaa chupa zenye vipande vidogo vya ngozi na misuli ya binadamu. Katika chupa nne alitia maji yaliyosukutuliwa kooni mwa mtoto mwenye tetekuwanga. Chupa nne nyingine aliziacha bila kutia kitu, ili ziwe za kulinganishia. Zikabaki nne. Karibu na hapo, katika sanduku la barafu, palikuwa na virusi vya ugonjwa wa kupooza, yaani polio. Wakaona si vema chupa hizo zipotee bure, wakatia virusi hivyo humo. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba virusi vya polio haviwezi kukua ila katika seli za ubongo na uti wa mgongo, na kwa hiyo lilikuwa jambo gumu kuvipata kwa wingi vya kutengenezea chanjo.

Siku zikapita, maji ya chakula yakabadilishwa mara kwa mara. Walipochukua maji ya chupa za polio na kuwachoma panya, panya wakapooza. Wakapiga hesabu: virusi vya kwanza vilikuwa vimepunguzwa na maji mapya mara nyingi mno hata visingeweza kubaki na nguvu hiyo. Maana yake ni moja tu, kwamba virusi vilikuwa vimezaana ndani ya seli za ngozi na misuli. Na zile chupa za tetekuwanga? Hazikuonyesha kitu. Zilizokusudiwa zikanyamaza, na zile za masalio zikasema.

Habari hiyo ilichapishwa Januari 1949, ikabadilisha kazi ya wachunguzi wa virusi kila mahali. Baadaye waligundua kuwa hawana haja ya panya kila mara. Virusi vilipoingia katika seli, seli zilivimba, zikasinyaa, zikafa, na mabadiliko hayo yalionekana kwa hadubini. Hata kwa macho matupu dalili ilionekana, kwa sababu maji ya chakula yalitiwa rangi inayogeuka kama karatasi ya litmasi tuitumiayo katika masomo ya kemia. Seli zilizo hai hutoa asidi, nayo maji yakageuka kutoka wekundu kuwa manjano. Seli zikiuawa na virusi, wekundu unabaki. Kwa njia hii mtu aliweza kutia maji ya mgonjwa katika mrija wa kioo, akaketi kusubiri, kisha akasoma jibu.

Lakini tetekuwanga bado ilikuwa imefungiwa. Nami nataka kueleza kwa nini jambo hili linanigusa. Bibi yangu mzaa baba aliwahi kupata mkanda wa jeshi, yaani yale malengelenge yanayotoka upande mmoja wa mwili kama mshipi wa askari, yenye maumivu ya moto. Majirani walisema kuwa ncha mbili za mkanda zikikutana, mgonjwa hufa. Wengine walinong'ona kwamba amerogwa, na wengine kwamba anaficha ugonjwa wa aibu. Yapata majuma mawili baadaye mdogo wangu aliyekuwa akilala naye akatoka tetekuwanga mwili mzima. Hapo maneno yakaongezeka: nyumba hii ina mikosi miwili. Bibi alipona, na mdogo wangu alipona, lakini kwa muda wote huo watu walikwepa kupita mlangoni petu, na bibi alikula peke yake. Laiti pale mtaani mngalikuwa na mtu mmoja aliyejua lililogunduliwa Boston, bibi asingaliumia mara mbili.

Maana fumbo hilo hilo lilikuwa limewahangaisha madaktari wa Ulaya. Tangu mwisho wa karne ya 19 daktari mmoja wa Budapest, János Bókay, alikuwa ameona watoto wakipata tetekuwanga baada ya mtu mzima wa nyumba ile kuugua mkanda wa jeshi. Alishuku kuwa chanzo ni kimoja. Lakini kushuku si kuthibitisha, na hakuna aliyekuwa na virusi hivyo mkononi ili avilinganishe.

Weller, akiwa bado katika maabara ya Enders, hakukata tamaa. Safari hii hakuchukua maji ya koo, bali maji yaliyotoka ndani ya malengelenge mapya. Akayatia katika mirija yenye seli za binadamu, akatazama kila siku. Hatimaye akaona visiwa vidogo vya seli zilizovimba katikati ya seli nzima, na katika viini vya seli hizo mlikuwa na madoa ya namna ile ile ambayo Ernest Tyzzer alikuwa ameyaeleza mwaka 1906, alipochunguza ngozi za wagonjwa wa tetekuwanga huko Manila. Visiwa vilipanuka polepole, kama doa la mafuta katika kitambaa.

Kulikuwa na mtego mmoja tena. Polio ilipokua, virusi vilijaa katika maji, na mtu akihamisha maji amehamisha virusi. Kwa tetekuwanga, maji yaliyohamishwa hayakuambukiza kitu. Virusi hivi hung'ang'ania ndani ya seli, hupita kutoka seli moja kwenda jirani yake kama mtu apitaye nyumba hadi nyumba kwa milango ya uani bila kuonekana barabarani. Weller alipohamisha seli zenyewe badala ya maji, ugonjwa ukaenda pamoja nazo, mrija hata mrija. Hivyo mwaka 1953 alitangaza kuwa amevifuga virusi vya tetekuwanga na virusi vya mkanda wa jeshi, na kwamba vyote viwili vilifanya kazi ile ile katika seli. Mwaka uliofuata alishirikiana na Albert Coons, aliyebuni namna ya kuzipaka kingamwili rangi inayong'aa. Kingamwili ni askari wa damu wanaomtambua adui yao. Kingamwili za mtu aliyeugua tetekuwanga zilivishika virusi vya mkanda wa jeshi, na za mgonjwa wa mkanda wa jeshi zikavishika virusi vya tetekuwanga. Adui alikuwa mmoja.

Leo tunajua habari yote. Mtoto akipona tetekuwanga, virusi havitoki mwilini. Hujificha kwenye mafundo ya mishipa ya fahamu kando ya uti wa mgongo, vikalala humo kwa miaka mingi. Uzee ukifika, au kinga ya mwili ikipungua kwa sababu yo yote, huamka na kufuata mshipa mmoja mpaka kwenye ngozi. Ndiyo sababu malengelenge huwa upande mmoja kama mkanda. Mwaka 1984 wachunguzi walivilinganisha vinasaba vya virusi vya tetekuwanga na vya mkanda wa jeshi alioupata baadaye mgonjwa yule yule, wakaona ni virusi vile vile. Mwenye mkanda wa jeshi hampi mwenzake mkanda. Aweza kumpa tetekuwanga mtu ambaye hajapata kuiugua wala kuchanjwa. Mdogo wangu basi hakupata mkosi wa pili. Alipata ugonjwa ule ule wa bibi, katika sura yake ya utoto.

Turudi kwa Enders. Mwaka 1954 Tuzo ya Nobeli ya elimu ya tiba ilitolewa kwa ajili ya kazi ya polio. Enders, ambaye alikuwa mkubwa wa maabara na mwenye jina, alitaka vijana wake wawili wapewe sawasawa naye, nao wakapewa watatu, Enders, Weller na Robbins. Mwaka huo huo surua ilizuka katika shule moja ya bweni ya wavulana karibu na Boston. Thomas Peebles, daktari kijana wa maabara ya Enders, alikwenda huko akachukua damu ya wagonjwa, na katika damu ya mvulana mmoja wakavipata virusi vya surua na kuvifuga katika seli. Kutokana na virusi hivyo ilipatikana chanjo ya surua iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1963. Hata hapo Enders, aliposifiwa peke yake, aliwataja wenzake waliofanya kazi pamoja naye.

Matunda ya mirija hiyo yametufikia hata sisi. Chanjo ya polio ya Jonas Salk, iliyoanza kutumika mwaka 1955, ilitokana na virusi vilivyofugwa katika seli, na mwezi wa Agosti 2020 kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilitangazwa kuwa imeondokana na virusi vya asili vya polio. Kwa tetekuwanga, Michiaki Takahashi wa Japani alivifuga virusi vyake katika seli kizazi baada ya kizazi mpaka vikapungua ukali, akatoa habari za chanjo yake mwaka 1974.

Huenda msomaji atauliza, je, mirija hiyo hutumika bado kupima? Jibu ni kuwa hutumika, ila si mara nyingi kama zamani. Mpimaji hufungua lengelenge jipya, si lililokauka, akapangusa chini yake kwa kijiti chenye pamba, akakiweka katika maji maalumu na kukipeleka upesi kikiwa baridi, kwani virusi hivi hufa haraka nje ya mwili. Maabara huvitia katika seli za binadamu na kuzitunza katika joto kama la mwili. Alama huweza kuonekana baada ya siku chache, lakini mara nyingine hungojwa majuma mawili au zaidi. Ili kupunguza kungoja, wataalamu walibuni kichupa chenye kioo chembamba chini. Huzungushwa kwa mashine yenye kasi ili virusi vizame kwenye seli, na baada ya siku mbili tatu hupakwa zile kingamwili zenye rangi. Seli iliyoambukizwa hung'aa kijani chini ya hadubini. Siku hizi kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya virusi, hutoa jibu kwa muda wa saa chache na hukosea mara chache zaidi, hivyo ndicho kinachopendekezwa. Lakini anayetaka kujua kama virusi vya mgonjwa vimeizoea dawa, au anayetaka kutengeneza chanjo, bado hana budi kuvifuga vikiwa hai.

John Enders aliendelea kufika maabara hata alipokuwa mzee sana, akipita meza hadi meza, kiko mkononi, akiuliza kila kijana ameona nini kipya. Alifariki tarehe 8 Septemba 1985 nyumbani kwake Waterford, Connecticut, mwenye umri wa miaka 88.

Ndugu zangu, baadhi yetu tutakuwa wauguzi na wapimaji, na wengine tutabaki kuwa majirani tu wa wagonjwa. Wote tunayo kazi katika habari hii. Akitokea mzee mwenye mkanda wa jeshi katika mtaa wako, mpeleke hospitali mapema, maana dawa hufaa zaidi ikianzwa katika siku tatu za kwanza. Malengelenge yake yafunikwe kwa kitambaa safi, na wajawazito ambao hawajaugua tetekuwanga wakae mbali naye, pamoja na watoto wachanga na wenye kinga dhaifu, mpaka yakauke. Kisha wewe uliyekwisha kuugua tetekuwanga utotoni, keti naye ule naye sahani moja.